Nani Kaomba Hiki?

Mzee wa usafi anamjua mama mmoja kwa vidole vyake, vyenye wino mpaka kwenye kucha. Mama huyo ndiye anayeamua vijana wa kompyuta watengeneze kipi kwanza katika programu ya simu ya kliniki. Kila kazi ina kikaratasi chake ukutani, na kabla hajakisogeza huuliza kwa sauti yake ya kukwaruza, "Nani kaomba hiki?" Asipotajwa mtu, anakibandua. Asubuhi ile zilibaki siku tatu wagonjwa waanze kuitumia, na juu kabisa kulikuwa na kikaratasi chake mwenyewe, cha kuipa programu rangi mpya. "Na hicho je, mama, nani kaomba?" fundi mmoja akamchokoza. Wenzake wakaangua kicheko. Mama akageuka, akampa simu yenye programu hiyo mzee aliyekuwa akifagia. "Baba, hebu nitafutie humo siku yako ya kliniki."

Mzee aliishika kama aliyeshika yai. "Kusoma sijui, mwanangu. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea. Tangu aondoke nimeshakosa kliniki mara mbili." Mama akabandua kikaratasi chake, akakikunjakunja, akaandika kingine: sauti. "Huyu hapa kaomba! Siku tatu zinatosha?" "Zinatosha!" Vijana wakavirukia viti vyao. Siku ya tatu mama akamwekea mzee simu sikioni, huku akitafuna kifuniko cha kalamu. Ikasema kwa sauti ile ile ya kukwaruza, "Shikamoo, baba. Kliniki yako ni Jumatatu, saa tatu asubuhi."

"Marahaba, mwanangu," mzee akaijibu simu. "Nitakuja."