Jumatano Aenda Homa Bay kwa Miguu

Katika nchi ya watu wa ng'ombe, Bhoke alikuwa na farasi. Mmoja tu, jike, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na jina lake Jumatano kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa huko Molo, kwenye shamba la mzungu. Mume wake Nicodemus alikuwa saisi wa mzungu huyo, yaani mtunza farasi, kwa miaka ishirini na miwili. Shamba lilipouzwa, akaambiwa achague zawadi ya kuagana: baiskeli mpya au farasi mchanga wa miaka minne. Mtu mwenye akili timamu angepanda baiskeli akaenda zake. Nicodemus alishuka kwenye lori mjini Migori akiwa ameshika kamba, na Bhoke, aliyekuwa akimngoja barabarani na leso mpya kiunoni, alicheka mpaka akakaa chini.

"Hii utakamua saa ngapi?" alimuuliza.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Kufikia mwaka wa tisini na tatu Bhoke hakuwa akicheka tena. Nicodemus alikuwa na miaka minne kaburini, nyuma ya nyumba. Binti yao Phanice alikuwa ameolewa Tarime, ng'ambo ya mpaka, na ana watoto wake wa kumshughulisha. Aliyebaki ni Jumatano. Mchana alibeba maji ya mtoni na magunia ya mahindi ya kupeleka posho mill kusagwa. Jioni aliingia zizini na ng'ombe sita wa Bhoke, akalala katikati yao kama mtoto wa kambo aliyezoea. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bhoke alikwenda kumwekea shavu shingoni. Alikaa hivyo, ukungu wa mto ukiwapita, na siku ikawangoja. Alimpenda mnyama yule. Mimi sioni haya kulisema, na yeye hakuona haya kulitenda.

Lakini Jumatano alikuwa na miaka kumi na mitano, na midomo yake ilianza kuota mvi. Hapo ndipo usingizi wa Bhoke ulipokatika. Farasi huyu akienda, alijiambia, katika boma hili hakutabaki kitu chenye pumzi kilichowahi kuguswa na mkono wa Nicodemus. Alitaka mtoto wa Jumatano. Alimtaka kama vile wengine wanavyotaka mjukuu, bila kujificha, akimwombea hata kanisani, kimoyomoyo, baada ya kuwaombea wagonjwa.

Dume alilolijua lilikuwa moja tu, la Mzee Mokaya, daktari wa mifugo aliyestaafu na kujenga nje ya mji wa Homa Bay karibu na ziwa. Mpango ulikuwa mzuri. Bonface, jirani mwenye lori la kubeba ng'ombe wa mnadani, angempeleka Jumatano siku akienda upande huo akiwa na nafasi, na Bhoke angechangia mafuta. Nicodemus alikuwa amemfundisha kwamba farasi akipata joto halimwishii kwa siku moja kama ng'ombe. Hukaa naye siku tano, sita hivi. Basi wangekuwa na wakati wa kutosha.

Kisha shilingi ikaanguka, mafuta yakapanda. Watu hawajamaliza kulalamika, yakapanda tena. Bonface akasema wangoje mwezi upite. Mwezi ukapita, akasema wangoje mwingine. Mara ya tatu Bhoke alimkuta amekaa kwenye kivuli cha lori lake, na kuku wa mke wake ametaga mayai juu ya kiti cha dereva.

"Mama Phanice, mafuta imepanda tena jana," Bonface alisema. "Nikiwasha hii gari niende Homa Bay na farasi moja, nitarudi nikiivuta na kamba."

"Na ukingoja?"

"Nikingoja itashuka."

"Nani amekuambia itashuka?"

Bonface akamwangalia kuku.

Asubuhi iliyofuata Jumatano alipata joto. Hakutaka majani, alizungukazunguka, aliinua mkia, alimsumbua kila aliyempita. Bhoke alisimama zizini akamtazama sana. Hapo ndipo alipojishangaa mwenyewe. Miezi mitatu mizima alikuwa ameketi akingoja mafuta ya kumbeba mnyama ambaye kazi yake duniani ni kubeba! Wenye ng'ombe ndivyo tulivyo: mnyama wa thamani hupakiwa lorini, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Alirudi kwa Bonface kumwomba mke wake amwangalilie ng'ombe.

"Yeye ana miguu nne," alimwambia, "na mimi mbili. Jumla sita. Gari yako pia ina miguu sita na haiendi mahali."

Walitoka kesho yake alfajiri. Bhoke hakupanda. Mke wa saisi, na hajawahi kupanda farasi hata siku moja. Aliona ni kumlalia mtu mgongoni. Alitembea kando yake, kiganja kimetua shingoni, na kanda la viazi vitamu vya kuchemsha limening'inia upande wa pili.

Mwaka ule barabara ilikuwa imerudishiwa miguu. Magari yalikuwa machache, na kati ya gari moja na jingine kulikuwa na kimya kirefu ambacho Bhoke hakuwa amekisikia tangu utotoni. Watu walitembea. Wauza dagaa wa omena walitembea, walimu walitembea na viatu mkononi, mchungaji mmoja alisukuma baiskeli iliyobeba spika za kanisa. Wote waliamkuana kama watu wa safari moja. Walipoingia kwenye miwa ya Awendo ukungu ulikuwa haujainuka, na miwa ilisimama pande zote mbili, mirefu, ikitoa harufu tamu nzito, ikawa kama wanapita ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Kwato za Jumatano zililia taratibu. Mara Bhoke akamsikia Nicodemus akipiga mluzi, ule mluzi wake wa kumtuliza farasi. Hakugeuka. Alijua ni pumzi ya Jumatano ikipita puani. Lakini alitembea maili nzima bila kugeuka, ili awe na uhakika wa kutojua.

Watoto waliwafuata, watu wazima wakawasimamisha. Nje ya Rongo bibi mmoja aliyekuwa akianika mtama aliacha kazi, akaja akamzunguka Jumatano mara mbili.

"Yawa! Hii punda imeombewa na nani?" aliuliza.

"Ni farasi, mama."

"Farasi ya kwenye Biblia?"

"Hiyohiyo."

Bibi akamgusa Jumatano puani kwa kidole kimoja, akakinusa, akaonekana kuridhika.

Walilala Rongo kwa Priscah, rafiki yake Bhoke wa umoja wa akina mama wa kanisa. Jumatano alilazwa na ng'ombe wa Priscah, akajipanga katikati yao bila kuonyeshwa. "Amezoea watu wake," Bhoke alisema kwa majivuno, na Priscah akakubali kwamba kweli, mnyama ana adabu.

Siku ya pili joto la jua lilikuwa kali. Upande wa Asumbi wasichana wa shule ya bweni walikuwa kwenye ua wakifua, wakiimba. Walipomwona farasi sauti zao zilikatika moja moja, hadi kikabaki kimya na povu linalodondoka viganjani. Walisimama hivyo mpaka Bhoke na Jumatano wakapita. Kisha nyuma yao wimbo ukaanza tena, kwa sauti ya chini, na Bhoke akahisi machozi yakimtoka, hajui ya nini. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Magoti yalimuuma. Na bado, kama mtu angemuuliza, angesema alikuwa na furaha.

Alasiri ziwa likafunguka mbele yao, pana, jeupe kwa mwanga, na Mlima Homa umesimama peke yake kando ya maji.

Mzee Mokaya aliwapokea getini kwa mshangao. Pikapu yake ilikuwa imewekwa juu ya mawe. Dume lake, kubwa, la kijivu, liliitwa Brigedia, na kazi yake ilikuwa kupigwa picha na maharusi. Zamani Mokaya alimpeleka mpaka harusi za Kisii; tangu mafuta yapande, Brigedia hakuwa ametoka nje ya ua.

"Umetembea na hii kutoka Migori?" Mokaya aliuliza. "Wewe mama, wewe!"

"Tumetembea pamoja. Leta dume tumalize, siku zinaisha."

"Ngoja kwanza. Waachie wajuane."

"Wajuane nini? Mfunge huyu kwa mti, lete huyo."

Kwa Bhoke jambo lilikuwa wazi. Mtamba akipata joto hupelekwa kwa dume, anafungwa, anapandwa, mnanywa chai mnarudi nyumbani kabla ya kukamua. Alikuwa amefanya hivyo mara mia. Mokaya alisita, lakini mgeni aliyetembea siku mbili ana nguvu katika boma la mtu. Akalegea. Jumatano akafungwa kwenye mti, Brigedia akaletwa.

Jumatano alipiga teke ambalo Homa Bay nzima ingelisikia. Alirusha miguu ya nyuma, akakata kamba, akavunja nguzo ya ua, macho yamemtoka weupe. Brigedia alirudi nyuma akitetemeka kama ndiye bibi harusi. Mokaya alimtuliza mmoja kisha mwingine, akawatenganisha kwa ua wa mbao, kisha akamkagua Jumatano kwa upole.

"Umemtia hofu, mama. Na joto naona limeanza kupoa. Sasa ni kungoja wiki tatu."

Wiki tatu! Bhoke alikaa juu ya jiwe. Wiki tatu, na ng'ombe wako kwa watu, na hakuna lori. Alilia pale pale mbele ya mwanaume asiyemjua vizuri, akajifuta na leso, akalia tena. Mtoto wa Jumatano alikuwa amekwenda, na aliyemfukuza ni yeye, kwa haraka yake.

Asubuhi alitoka nje mapema, akamwona Brigedia amepitisha shingo juu ya ua, meno yake yako kwenye mgongo wa Jumatano. Bhoke akaokota fimbo, akakimbia.

"Acha, mama, acha!" Mokaya alimwita kutoka mlangoni. "Hawapigani."

Bhoke akasimama. Jumatano naye alikuwa ameweka meno kwenye mgongo wa Brigedia, pale shingo inapokutana na mabega. Walikuwa wakikunana, taratibu, bila kupumzika, huyu akimsugua yule mahali palepale anaposuguliwa yeye. Macho ya Jumatano yalikuwa nusu yamefungwa, mdomo wa chini umelegea, unatetemeka. Miaka kumi na mmoja Bhoke hakuwa amewahi kuuona uso ule.

"Hapo farasi hawezi kujifikia," Mokaya alisema. "Lazima mwenzake. Ndiyo salamu yao, ndiyo urafiki wao. Huyu wako amekuwa na nani siku hizi zote?"

"Na ng'ombe," Bhoke alisema. "Ng'ombe sita."

"Ng'ombe hawajui hii."

Hakusema kwa ubaya, lakini yalimwingia. Bhoke alikumbuka jinsi Jumatano alivyokuwa akijisugua kwenye nguzo ya zizi kila jioni, mpaka nguzo ikang'aa. Yeye alidhani ni kupe. Alimwogesha dawa. Kila Jumamosi alimwogesha dawa, na Jumamosi jioni Jumatano alirudi kwenye nguzo.

Walikunywa chai nje, wakiwatazama. Baada ya muda Mokaya alisema, kwa sauti ya mtu anayepima maneno, kwamba Bhoke anaweza kumwacha Jumatano hapo. Kama watu wanavyowekeana ng'ombe: mnyama anabaki wa mwenyewe, mwenzake anamtunza, na mzao wa kwanza unarudi kwa mwenye mali.

"Na anayetunza si hunywa maziwa?" Bhoke aliuliza. "Utakunywa maziwa ya farasi, mzee?"

"Hayo nitamwachia mtoto." Akacheka kidogo. "Mafuta ikishuka, utakuja na lori uwachukue."

Bhoke akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu mzima, hakudanganyika. Mafuta hayakuwa na safari ya kushuka. Magoti yake hayakuwa na safari nyingine ya siku mbili. Akimwacha leo, amemwacha. Mtoto angeweza kuja, pengine, kwa njia fulani, siku fulani. Angeshuka Migori akiwa mchanga, angeingia zizini, ang'arishe nguzo. Bhoke alimwona kabisa, rangi ya chai, anasimama katikati ya ng'ombe sita. Akajiuliza mtoto huyu alikuwa akimtaka kwa ajili ya nani.

"Atakaa," alisema. "Na akizaa, usiniletee mtoto. Usimtoe kwa mama yake. Asikuje kukaa na ng'ombe."

"Lakini huyo ni haki yako, mama."

"Ni haki yangu. Ndiyo nasema akae."

Mokaya akavua kofia, akaishika mkononi.

Bhoke alikwenda kwenye ua kuaga. Alimwekea Jumatano shavu shingoni kama kila asubuhi, na Jumatano akamvumilia kwa heshima, sikio moja kwake, jingine kwa Brigedia. Kisha akarudi kwenye kukunana kwake. Iliuma. Alikuwa amejitayarisha kumfariji, kumwambia asilie, na hakukuwa na wa kufarijiwa. Iliuma, na chini ya maumivu hayo kulikuwa na furaha ya ajabu, nyembamba, ambayo hakuwa na wa kumweleza.

Alisimama getini muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, akingoja Jumatano ainue kichwa. Hakuinua. Bhoke akafunga geti kwa nje, akalijaribu mara mbili kama komeo limeshika, akaanza kutembea.