Haruka Anajifunza Kusimulia Baiskeli Mbele ya Ukuta

Mwaka 2015 nilitoka nyumbani Okolona, kusini mwa Louisville, kwa sababu ya baiskeli ambayo hata si yangu. Wanaonijua wanajua kwamba kinachonitoa mimi ni zamu ya ghala au msiba, basi. Lakini Neema, binti wa kaka yangu, alinipigia simu kutoka Columbus, ambako alikuwa akisoma na kuwafundisha Wajapani kuzungumza Kiingereza.

“Baba mdogo, nina mwanafunzi anaitwa Haruka. Jumamosi ana mtihani wa kuzungumza kule Buffalo. Akishindwa, nafasi yake ya kusomea uuguzi imekwenda. Kwenye mazoezi, ukimwuliza hata habari za baiskeli yake anajibu maneno matano, ananyamaza.”

“Na mimi, na Kiingereza changu cha ghala, nitamsaidia nini?”

“Bon, wewe ukiulizwa saa unaanza na kuzaliwa kwa babu. Njoo umwambukize.”

Nikapanda basi.

Columbus, Ijumaa. Haruka alinipokea kituoni kwa kuinama. Nami nikainama, akainama tena, na tungekuwa pale hadi leo kama Neema hangetupigia honi.

Barabarani kuelekea Buffalo nikaanza kazi, kwa Kiingereza.

“Una baiskeli?”

“Ndiyo, ninayo. Ni ya buluu.”

Nikamwonyesha jibu la mtu mzima: kinga yangu, yaani baiskeli, ya kule Uvira, Kongo, magunia ya muhogo, breki zilizokatika mteremkoni, mbuzi wa watu waliokuwa chini. Tulifika Cleveland sijamaliza mteremko.

“Baba mdogo,” Neema akasema, “mtihani ni wa nani?”

Lakini nilikuwa nimegundua kitu. Kila nilipovuta pumzi, Haruka aliitika: “Mm. Eeh. Kweli?” Kama shangazi zangu kabisa! Kwetu nako msimulizi asipoitikiwa hujua amewachosha watu, anafunga mdomo. Nikamwuliza kama mtahini huitika.

“Haitiki. Anatazama tu. Nafikiri nimemuudhi, naacha.”

Donc, dawa ilikuwa moja: apate mtu wa kumtazama bila kuitika mpaka azoee. Na mtu huyo, jamani, nikawa mimi.

Buffalo, jioni ile. Mama Furaha, jirani yetu wa zamani katika kambi ya wakimbizi, alitukaribisha kwa ugali na sombe, majani ya muhogo. Haruka akaanza kusimulia: mama yake alimpakia kwenye baiskeli, yeye mbele, mdogo wake nyuma, mboga kikapuni, mara mvua ikanyesha...

“Eeeh!” Mama Furaha akaruka. “Na mvua juu! Masikini!”

“Mama, usiitike!” Neema akamsihi.

“Nimwache mtoto wa watu aseme peke yake kama kichaa? Humu kwangu?”

Tukamhamishia Mama Furaha jikoni. Mimi nikajaza ugali mdomoni ili nisiweze kuitika. Haruka alikwama, akanitazama, nikatafuna. Akakwama tena, nikamega tonge jingine. Hatimaye aliendelea mwenyewe mpaka walipofika nyumbani, watoto wakavu chini ya koti la mvua, mama amelowa chapachapa. Sijawahi kuchoka hivyo kwa kukaa kimya.

Jumamosi asubuhi tulimngoja nje ya jengo la mtihani. Alitoka uso mwekundu.

“Aliniuliza gari na baiskeli, kipi bora. Nikaanza na mvua.”

“Akaitika?”

“Hata kidogo. Uso kama ukuta. Nikasema mpaka akainua mkono, muda umeisha.”

Njia ya kurudi hakuna aliyethubutu kutabiri matokeo. Nilishuka Louisville na fundisho langu: watu wengi tunaodhani hawana maneno wana maneno tele, wanangoja tu ishara kwamba tupo.

Okolona, wiki chache baadaye. Simu ya Neema, lakini sauti ya Haruka.

“Nimepita.”

Akanyamaza. Safari hii hakuna aliyenikataza.

“Eeh!” nikasema. “Kisha?”

Akaanza na asubuhi ile alivyoamka.