Simu ya Mgombani

Theodory wa Uru hakuwa mtu wa kuogopa. Muulize mwenyewe. Fundi simu aliyeishia kidato cha pili, mwenye kibanda pale Mawenzi mjini, atakuambia hakuna mashine iliyowahi kumshinda. Ndiye aliyetengeneza mfumo wa gari la wajawazito la parokia: mama akishikwa uchungu kule juu, unatuma meseji kwenye namba moja, simu ya dereva Ebenezeri inalia.

Mwezi uliopita matapeli wakaigundua hiyo namba. Umeshinda, tuma kwenye namba hii, mganga bingwa: meseji mia tatu kwa siku. Ebenezeri akamwambia Theodory atengeneze au aseme ameshindwa. Asemeje ameshindwa, yeye?

Njia zilikuwa mbili. Chujio: mfumo usome kila meseji, ukinusa utapeli uitupe. Au kikomo: usisome kitu, uhesabu tu, namba ikishatuma meseji mbili ndani ya saa moja, ya tatu inagonga ukuta. Doris wa ofisi ya parokia alitaka chujio. Theodory akamcheka. Watu wa Uru wanapika Kichagga na Kiswahili sufuria moja, chujio gani litaonja hiyo? Na mjamzito gani anaomba gari mara tatu kwa saa?

Jumatatu akaweka kikomo. Matapeli wakanyamaza, jamaa akawa anatembea mjini kama bwana harusi.

Alhamisi mchana, mvua inapiga, akaenda ofisini kwa Doris kujisifu. Akafungua orodha ya meseji zilizokataliwa. Katikati ya matapeli kulikuwa na namba anayoijua kwa kichwa, ya Mama Mektrida, jirani wa kwao Uru.

Kule kwao bondeni mtandao haushiki. Unashika kidogo mahali pamoja, meseji tu, kwenye mgomba wa pembeni kwa Mama Mektrida. Simu yake inaning'inia pale ndani ya kopo, na ni ya kila mtu. Nyumba kumi na nne, namba moja. Theodory mwenyewe kakua nayo.

Akafungua kumbukumbu yote ya namba hiyo. Meseji mbili za mwanzo za saa ile zilipita: mke wa Wenseslaus anauliza siku ya kliniki, na jirani anashukuru kwa safari ya juzi. Ya tatu, saa saba na dakika tano: Monica anatoka damu leteni gari. Monica, dada yake wa tumbo moja, mjamzito. Zikafuata nne nyingine, zote zimekataliwa. Saa ya ukutani ilisoma nane kasoro kumi.

Akampigia Ebenezeri.

"Mzee, nenda kwa Mama Mektrida sasa hivi. Ni Monica."

"Mbona sijaona meseji?"

"Ipo. Nimeizuia mimi."

Ebenezeri akawasha gari.

Theodory akaondoa kikomo. Matapeli wakamiminika kama maji ya mfereji, naye akazisoma meseji zao moja moja, asithubutu kupepesa jicho. Doris akamsogezea kiti.

"Soma, kaka. Leo chujio ni wewe."

Akasoma. Barabara ya Uru kwa mvua ile anaijua inavyoteleza. Akawaza atakavyomsalimia mama yake: shikamoo mama, nilimzuilia mwanao gari.

Saa nane na nusu, kati ya mshindi na mganga, ikaingia moja kutoka namba nyingine, barabarani ambako mtandao unashika: Wanaume wamembeba tumekutana na gari njiani anaongea.

Akaisoma mara nne. Habari ya mtoto haikuandikwa. Theodory akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea kusoma.