Andiko Nililomtafutia Fundi Salim

Wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Machakos. Mimi hufundisha Biblia kanisani. Nilikuwa nimetoka kwa semina ya siku mbili ya kutetea imani, na cheti nimekitia kwa plastiki. Jumatatu nikapeleka suruali kwa Fundi Salim, Mwislamu mpole anayeshonea mtaa wetu wote.

"Mwalimu," akaniuliza akinipima kiuno, "kwa nini mnasema wokovu ni bure?"

Kwa benchi alikaa Mama Mutheu, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Nikapandisha sauti. Nikaeleza neema vizuri sana, kwamba mtu hawezi kujiokoa kwa bidii yake hata kidogo. Fundi akaacha kupima, akasikiliza kabisa. Hapo ningenyamaza, lakini nikataka kumalizia na andiko.

"Ndiyo maana Biblia inasema, jisaidie nami nitakusaidia."

"Hiyo si ndiyo bidii?" akauliza polepole. "Iko wapi, nisome?"

Nikamwambia iko Methali. Akatoa Biblia kwa droo. Kumbe alisomea shule ya misheni. Nikapekua Methali yote, nikahamia Zaburi, kisha nikajaribu Yakobo. Jasho lilidondokea ukurasa. Fundi alisubiri, tepu ikiwa shingoni.

Mama Mutheu akaja akaifunga hiyo Biblia taratibu mikononi mwangu.

"Mwalimu, wacha tu. Haiko. Mwaka jana uliihubiri, nikaitafuta wiki nzima."