Mdudu Aliyejificha Begani

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia yetu hapa Nyakato, na mwalimu wa kwaya asiyeweza kuinua mkono ni wa kukaa benchi. Baada ya kuanguka na bodaboda nilibadilishwa bega la kulia, nikawekewa la chuma na plastiki. Miezi ya kwanza niliongoza misa kwa raha zangu. Kisha bega likaanza kukaza na kuuma, hadi mkono ukawa unaishia kifuani, nami nikaongoza hivyo hivyo.

Homa sikuwa nayo. Kidonda kilipona vizuri, na vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Mume wangu akaamua kuwa ni uvivu wa mazoezi. Nilimnunia wiki nzima. Nikiwa peke yangu nililia, maana kwaya ndiyo furaha yangu.

Daktari hakuridhika. Alichukua vipande vya nyama kutoka ndani ya bega, akawaagiza watu wa maabara wasivitupe mapema, kwa kuwa yupo bakteria anayechelewa sana kuota. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili akajitokeza.

"Ametoka wapi huyo?" nikauliza kwa ukali. "Ni uchafu wa hospitali yenu?"

"Hapana, mama. Anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hasa begani na kwapani. Inaelekea aliingia siku ya upasuaji, akatulia kwenye chuma."

"Mimi naoga mara mbili kwa siku!"

"Hata uoge mara kumi, mama. Anakaa ndani kabisa, kwenye vinyweleo."

Wifi yangu, aliyekuja kutoka Usagara na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mgonjwa, alikuwa amenisindikiza. Akapiga makofi. "Kumbe wifi naye mfugaji! Ila mifugo yake inalala kwapani!" Nilicheka mpaka bega likauma.

Waliling'oa lile bega, nikanywa dawa wiki nyingi, ndipo wakaniwekea jipya. Daktari hakuniahidi kuwa mkono utapanda.

Jumapili niliyorudi, wanakwaya walikuwa bado na mazoea ya kuanza mkono ukifika kifuani. Wakaanza mapema. Mkono wangu ukaendelea kupanda, ukapita kidevu, ukapita kichwa. Kwa kosa kama hilo huwa nawasimamisha na kuwafokea mbele ya padri. Safari hii niliwaacha waimbe peke yao, mimi nikiutazama mkono wangu kule juu.