Vidole vya Ghaith

Hikmat hakupenda kuona mkono wa mtu ukingoni mwa ukurasa. Wauza vitabu wote wa uchochoro ule wa Baghdad walilijua hilo, na walimtania nalo bila huruma. Mtu akimpa picha ya kitabu iliyoingiliwa na ncha ya kidole, angekikata kidole kile kabla hata hajauliza kitabu chenyewe ni cha nani.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na duka lake lilikuwa ghorofani, juu ya meza za Shakir muuza chai. Humo hamkuwa na kitabu hata kimoja cha karatasi. Kulikuwa na kompyuta, nyaya zilizoning'inia misumarini, na kiti kimoja cha mgeni. Watu walimletea vishikwambi vyao vya kusomea, awajazie vitabu au awatengenezee vilipogoma.

Jumanne moja asubuhi alipanda ngazi mama mmoja, Nazhat, akashika ukuta mpaka pumzi ikamrudia. Mtaani kwake walimwita Mama Ghaith. Aliweka mezani kishikwambi, waya wake, na flashi iliyofungwa kwenye leso.

"Ustadhi, hiki kidude kitanitia wazimu," alisema. "Nakichomeka kwenye kompyuta ya shemeji yangu, naanza kuhamisha picha, kinaniambia itachukua saa tisa. Sasa mtaa wetu nani ana umeme wa saa tisa? Wa serikali ukikatika, mpaka jenereta iwashwe, kompyuta imeshalala. Naanza upya. Hii ni wiki ya tatu."

"Picha za nini, mama?"

"Madaftari ya marehemu baba yangu. Alikuwa mpima mito. Mwanangu Ghaith alizipiga kwa simu, ukurasa mmoja mmoja, kurasa mia sita na arobaini." Aliifungua leso, akaikunja tena. "Halafu akapata ajali barabara ya Kirkuk. Simu ilisagika pamoja naye. Kimebaki kishikwambi chake na hizi picha alizokuwa ameziweka kwenye flashi. Nazitaka zote humu ndani, vile alivyozipiga yeye."

"Mungu amrehemu."

"Awarehemu na wazazi wako."

Hikmat alikuwa ameshachukua waya. Kazi ya kutafuta ugonjwa wa mashine aliipenda kuliko chakula, na mtu akipenda kitu sana masikio huziba. Alisikia neno "zote". Yale ya "vile alivyozipiga yeye" yalimpita.

Alianza na waya, kwa kuwa ulikuwa umezungushiwa utepe sehemu mbili. Akaweka wake mpya, saa tisa zikawa nane. Akauhamisha kutoka tundu la mbele la kompyuta kwenda la nyuma, zikawa saba. Akaiambia programu ya kuwinda virusi ipumzike kidogo, maana ilikuwa inapekua kila picha kabla ya kuiruhusu ipite. Zikawa sita na nusu. Akatazama kama kishikwambi kimejaa, hakikujaa. Ndipo akakaa, akakiangalia chenyewe kikifanya kazi.

"Haya, nimeuona," alisema. "Kishikwambi hiki kinadhani kila picha ni kitabu kizima. Inafika picha moja, kinasimama, kinaiandikisha, kinaichorea jalada, ndipo kinaita nyingine. Kama yule karani wa pasipoti."

Nazhat alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekisahau kicheko. "Dawa yake?"

"Nizifunge zote ziwe kitabu kimoja. Kitaandikisha mara moja tu. Njoo Alhamisi."

"Hazitaharibika?"

"Mama, miaka thelathini nipo kwenye kazi hii. Zitatoka safi kuliko zilivyoingia."

Alimaanisha alichosema, na hapo ndipo ulipokuwa msiba. Maana mgeni aliposhuka ngazi na Hikmat akafungua picha ya kwanza, kilichomtazama si maandishi ya mpima mito. Kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kimekandamiza ukurasa usijikunje, ukucha wake mweusi kwa kupigwa na kitu. Picha ya pili, kidole kile kile. Ya tatu, ya nne.

Kwa Hikmat, kila gumba lililobonyeza ukurasa lilikuwa la Yunan.

Wakati wa miaka ya vikwazo vitabu havikuingia nchini, na vingine hata vingeingia visingeruhusiwa. Hikmat na rafiki yake Yunan walikuwa na mashine ya kutoa nakala kwenye chumba cha nyuma cha duka la sabuni. Yunan alikilaza kitabu kwenye kioo, Hikmat alikagua kila ukurasa uliotoka. Sheria yao ilikuwa moja: kisionekane kitu cha kuonyesha nakala imepita mikononi mwa nani. Jina la mwenye kitabu lilifutwa, muhuri ulifutwa, kivuli cha mkono kilifunikwa kwa rangi nyeupe. Kazi ikiisha hakikubaki kitu, hata karatasi iliyoharibika ilichomwa.

Wiki moja Hikmat alikuwa na haraka ya harusi ya dada yake. Ukurasa wa themanini na nane ulimpita. Pembeni kulikuwa na gumba la Yunan, lenye kovu lililoupasua ukucha katikati. Mwezi haukuisha wakaja wanaume watatu na nakala ile mkononi. Hawakupiga kelele. Walipita duka kwa duka, wakaomba kutazama mikono ya watu. Hikmat alionyesha yake, wakamshukuru, wakasogea mbele. Yunan alikuwa duka la tano.

Tangu siku ile alikuwa akiliona gumba lile kwenye ukingo wa sinia, kwenye mlango ulioachwa wazi, kwenye shuka alipoamka. Alioa mke, akamzika, na gumba halikuondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Hikmat alishtuka kila siku kwa miaka thelathini, mpaka mshtuko wenyewe ukageuka kuwa ufundi. Watu walimsifu kwa kurasa safi. Yeye alijua anamtafuta nani.

Basi akakata. Picha mia sita na arobaini, siku mbili, moja baada ya nyingine. Pale kidole kilipoingia hadi kwenye maandishi, alikifunika kwa rangi ya karatasi kwa uangalifu mkubwa. Shakir alimpandishia chai ya limau kavu akamkuta ameinamia kioo.

"Leo nani kakuudhi, Hikmat? Umekunja uso kama mtu anayetoa mwiba."

"Vidole," alijibu Hikmat.

"Ah. Waache na vidole vyao, na wao wana shida zao."

Hikmat hakucheka. Alijiambia kukata kunapunguza uzito wa picha. Uongo huo, na alijua. Kilichomaliza ugonjwa ni kuzifunga zikawa kitabu kimoja. Kukata hakukuokoa hata dakika. Lakini kila alipoondoa kidole alihisi pumzi inashuka vizuri, kama vile safari hii amewahi. Alipomaliza alikihamishia kitabu kwenye kishikwambi. Dakika nne. Halafu akafanya alichofanya siku zote kazi ikiisha: akafuta picha za mwanzo kwenye kompyuta kwa programu isiyoacha hata alama, akaziondoa zile chache zilizokuwa zimeingia kwenye kishikwambi, akazifuta kwa kawaida na kwenye flashi, akaweka humo kile kitabu kipya mahali pake.

Alhamisi Nazhat alifika kabla duka halijafunguliwa. Hikmat alimpa kishikwambi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu sinia ya harusi.

"Dakika nne tu, mama. Na kimekuwa safi, utasoma hata bila miwani."

Nazhat alifungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akaenda mbele haraka, akarudi, akaenda tena mpaka mwisho. Kisha akakilaza mapajani.

"Viko wapi vidole vyake?"

Hikmat alianza kuukunja waya.

"Nakuuliza wewe, ustadhi. Vidole vya mwanangu viko wapi?"

"Nimeviondoa. Ndiyo kazi yangu, mama. Ili maandishi..."

"Maandishi?" Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Madaftari yenyewe yako kabatini kwangu, yote saba. Ningetaka kusoma habari za mito si ningeyafungua? Sina picha ya Ghaith ya mwaka ule wa mwisho. Alikuwa hataki kupigwa picha. Nina hivyo vidole. Nilikwambia vile alivyozipiga yeye."

Alikuwa amesema. Hikmat aliyasikia sasa, yale maneno ya Jumanne, yote, moja moja. Na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akamweleza habari ambayo hakuwahi kumweleza hata mkewe: mashine nyuma ya duka la sabuni, ukurasa wa themanini na nane, wanaume waliotazama mikono. Alieleza vibaya, akirudia rudia. Nazhat alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na uliponikatia mwanangu," aliuliza, "huyo Yunan alirudi?"

"Hakurudi."

"Miaka thelathini unakata. Hata siku moja hakurudi."

"Hata siku moja."

"Basi nirudishie wangu."

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na mara nyingi ni kweli. Lakini picha ikifutwa kwenye flashi haiondoki papo hapo. Hubaki pale bila jina, mpaka kitu kingine kikalie nafasi yake. Kitabu kipya cha Hikmat kilikuwa kimekalia nafasi kubwa. Alimwambia hivyo bila kumficha, akamwambia pia hajui kitapatikana kiasi gani, kisha akawasha programu ya kufukua vilivyofutwa.

Nazhat alikaa kwenye kiti cha mgeni, mkoba mapajani. Shakir alipandisha chai, akawaona, akaviweka vikombe na kushuka bila mzaha. Saa sita umeme wa serikali ulikatika, lakini Hikmat alikuwa ameazima betri kubwa ya jirani, na kompyuta haikulala. Picha zilitoka moja moja. Nyingine zilikuwa kijivu kitupu. Nyingine zilikuwa nusu, mstari wa maandishi halafu giza. Kila gumba lililotokea zima, Hikmat alilitazama, akajilazimisha kulitazama hasa, mpaka akaona lisivyofanana na la Yunan hata kidogo. Lilikuwa gumba la kijana. Lilikuwa na alama ya wino.

Alasiri programu ikasimama. Kati ya mia sita na arobaini zilipatikana arobaini na moja zisizo na kasoro.

"Arobaini na moja," alisema Hikmat. Hakuweza kumtazama.

"Nitilie."

Akazifunga zikawa kitabu kimoja, bila kugusa ukingo wowote, akazihamisha. Hata nusu dakika haikufika. Nazhat alipokea kishikwambi akakisogeza karibu na dirisha. Alipita kurasa chache polepole. Kwenye mmoja akasimama. Gumba lile lilikuwa limefungwa plasta, imekaa upande, ncha moja imebanduka.

"Hii nilimfunga mimi," alisema. "Aliniambia, mama, umefunga kama kifurushi cha posta."

Akanyoosha kidole chake, akakiweka juu ya kidole cha mwanawe. Kishikwambi kikahisi kuguswa, kikageuza ukurasa.

Nazhat alikitazama bila kuelewa. Akarudi nyuma. Akagusa tena, kwa ncha tu ya kidole. Ukurasa ukageuka.

"Ustadhi, kiambie kisigeuke."

"Ndivyo kilivyotengenezwa, mama. Hiki hakina vitufe vya pembeni, hugeuzwa kwa kuguswa. Naweza kuzima kuguswa kwenyewe, lakini basi hutafungua ukurasa mwingine wowote. Utabaki na huo huo mmoja."

Nazhat alirudi mpaka kwenye ukurasa wa plasta, akamnyooshea Hikmat kishikwambi akikishika kando kando, asije akakigusa kwa bahati mbaya.

"Zima," alisema.