Septante Ilivyonikwamisha Kijijini Ufaransa

Enzi zetu, miaka ya tisini, mtoto wa Anderlecht, mtaani kwetu Bruxelles, Ubelgiji, hakuulizwa kama anataka likizo. Alifungiwa sanduku, akapelekwa kituo cha treni cha Gare du Midi, akakabidhiwa kwa tantine, mama mdogo. Wangu alikuwa Tantine Béa, mdogo wake Mama, aliyeolewa na Mfaransa katika kijiji chenye kanisa moja, duka moja la mikate, na ng'ombe wengi kuliko watu. Mimi niliyelia hata nikilazwa kwa jirani wa ghorofa ya chini, nikaambiwa: wiki mbili.

Bon, kijiji kilikuwa kizuri, sikatai. Asubuhi harufu ya mkate ilikukuta kitandani; mchana tulichuma matunda meusi ya porini, ndimi zikageuka rangi ya wino. Lakini kimya kile! Mimi nilizoea kubembelezwa na tramu, kule walinibembeleza vyura. Halafu salamu zao: Bruxelles busu ni moja, kule ni manne. Nilitoa langu moja nikaondoka, vikongwe wakabaki wanabusu hewa.

Siku ya tano nikaamini wamenitupa. Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, na kwa akili zangu za miaka tisa, kitanda changu kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Ilibidi nimsikie Mama.

Simu ya Tantine ilikuwa na kufuli, kama simu zetu zote wakati ule. Nikakimbilia kwa mama muuza mikate. Akanyanyua simu yake, akaniambia nitaje namba. Nikataja tisini na sabini kama tunavyozitaja kwetu: nonante, septante... Kidole chake kikasimama hewani.

"Mwanangu, lugha ya kwenu siijui. Nitajie kwa Kifaransa."

Kifaransa! Na hicho ndicho tulichofunzwa na Wabelgiji, Bruxelles na kule Kongo tulikotoka, Bukavu! Kumbe kwa Mfaransa sabini ni sitini na kumi, na tisini ni ishirini mara nne, ongeza kumi. Mimi nikarudia septante ileile, kwa kelele zaidi. Foleni ikacheka. Machozi yakanitoka. Mwishowe nikaandika namba kwa kidole kwenye unga uliotapakaa mezani.

"Aaah!" akasema, akapiga.

"Maman, mulinitupa?"

Mama akacheka mpaka mtoto mchanga akaamka. "Mutoto wa kukula vile? Tungekutupa, wangekurudisha kesho yake! Alors, acha kulia. Papa yako atakuya samedi, ile Jumamosi ya wiki yenye kuya. Kitanda yako iko, hakuna mutu analala mule."

Jamani, nilipumua kama mtu aliyeopolewa majini. Nikapewa brioshi, mkate wao mtamu wa siagi, nikaimaliza nimesimama palepale.

Leo binti yangu hajui namba ya mtu yeyote kwa kichwa, hata yangu. Namcheka sana. Lakini yeye hajawahi kudhani ametupwa: sauti yangu anatembea nayo mfukoni, ndani ya simu yake, kutwa nzima, mpaka anaizima. Sisi sauti ya Mama tuliisikia dakika mbili, dukani kwa watu, na wiki nzima iliyobaki tukacheza.